Nguo Kuukuu na Sindano ya Tabitha
Somo kwa sharika zetu za Tunduma na mkoa wa Songwe

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya kazi ya sindano, hasa sindano ishonayo nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Labda mtu atasema kwamba neno hili ni la sokoni, si la gazeti la kanisa. Twamwomba asome mpaka mwisho, maana ataona ya kuwa neno hili lafika mpaka mlangoni mwa kanisa, tena mpaka mbele ya madhabahu, siku watoto wetu wanapopiga magoti kupokea kipaimara.

1. Mlango wa nguo

Tunduma ni mji wa mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde katika nchi ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo. Na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976, hupita pia ikielekea Kapiri Mposhi. Kwa hiyo mji huu ni kama mlango, na katika vitu vipitavyo mlangoni nguo za mitumba ni nyingi. Robota moja la kawaida ni kilo 45. Hufunguliwa, watu huchagua, na yale yasiyochaguliwa huuzwa kwa bei ya chini, mpaka mengine hubaki chini yakikanyagwa.

Tuyatazame majina ya nguo hizi. Mtumba maana yake ni furushi, yaani mzigo uliofungwa. Wazee wetu walisema kafa Ulaya, wakidhani ya kuwa mwenye nguo amekufa huko kwao, ndipo nguo yake ikaja huku. Wenzetu wa Zambia husema salaula, nalo ni neno la Kibemba, maana yake kuchagua kwa kupekua lundo. Basi majina ni matatu: furushi, maiti na lundo. Hakuna hata moja limtajalo mtu atakayeivaa nguo ile. Hilo ndilo tutakalo kulitafuta katika somo hili.

Zamani haikuwa hivi. Katika nchi zilizo kando ya Ziwa Rukwa watu walisokota pamba na kufuma nguo kwa mikono, kabla vitambaa vya viwandani havijaenea. Kazi ile ilikuwa ndefu, na kila nguo ilijulikana imetoka mkononi mwa nani. Leo nguo huja kwa wingi, wala hatumjui aliyeishona. Kwa hiyo ni rahisi kuidharau.

Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya nguo vya kwetu viinuke. Wafanyaji biashara wa Marekani walilalamika, na nchi kadha zikalegeza azimio lile. Mwaka 2018 Rwanda, iliyoshikilia, iliondolewa nafuu ya ushuru kwa nguo zake ziendazo Marekani. Mambo hayo ni makubwa, nasi twawaachia wenye kuyaamua. Swali letu ni dogo: nguo iliyokwisha kuingia nyumbani mwetu, nayo imechakaa, tuifanyeje?

2. Wajane wa Yafa

Someni Matendo ya Mitume 9:36–42. Yafa ulikuwa mji wa bandari, mlango wa vitu vitokavyo mbali, kama Tunduma ulivyo mlango wa nchi kavu. Humo alikaa mwanafunzi mmoja, jina lake Tabitha. Alipokufa, Petro aliitwa. Naye alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona mwanamke yule alipokuwa pamoja nao.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, wajane hawakutaja hesabu ya sadaka za Tabitha, walionyesha nguo. Kila mmoja alikuwa na yake, iliyoshonwa kwa kipimo chake. Tabitha hakuwatupia lundo wakapekue. Alimjua huyu ni mrefu, na yule ni mnene, na yule wa tatu mkono wake mmoja ni mfupi. La pili, nguo zile hazikuwaaibisha. Wangaliona haya kuzivaa, wasingalizionyesha mbele ya Mtume.

Luther naye katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza kifungu cha kwanza cha Imani, huyahesabu mavazi na viatu katika vipawa vya Mungu Muumba; na katika kuieleza Amri ya Saba hutufundisha kumsaidia jirani autunze na kuuongeza mtaji wake. Basi mtu aitengenezaye nguo ya jirani idumu mwaka mmoja zaidi, ameishika Amri ya Saba kwa sindano.

3. Kuichunguza nguo

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Vyombo ni vichache: sindano, uzi imara, mkasi, futi ya kupimia, pini, na pasi ya mkaa. Badala ya chaki, kipande chembamba cha sabuni kikavu chafaa kwa kuchora mistari. Cherehani ni njema, lakini asiyekuwa nayo asikate tamaa. Karibu kila kazi tutakayoitaja yawezekana kwa mkono.

Kwanza nguo ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe juani, kisha ipigwe pasi pande zote mbili, hasa mishononi. Usishone kamwe nguo ya mtumba isiyofuliwa.

Pili, iinue mbele ya mwanga. Mahali nuru ipitapo kwa wingi, nyuzi zimekwisha, wala sindano haitapata pa kushika. Shati huchakaa kwanza kwenye kola, vikofi na viwiko. Mgongo wake hubaki mzima. Suruali huchakaa magotini na makalioni. Sehemu iliyo chini ya goti mara nyingi ni nzima. Shuka hulika katikati, kingo zikabaki.

Tatu, jua kitambaa ni cha nini. Chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi, huacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka, ukawa tone gumu. Kitambaa kiyeyukacho kisitumiwe kushikia sufuria, wala kisishonewe mtoto akaaye karibu na mafiga, maana kikishika moto hugandamana na ngozi.

Nne, kabla ya kukata, uliza: je, nguo hii yaweza kuvaliwa na mtu kama ilivyo, au kwa kushona kifungo tu? Kama ndivyo, usiikate. Mkasi ni wa mwisho, si wa kwanza.

4. Kutia kiraka

Bwana wetu alitoa mfano wa kiraka katika Marko 2:21. Alikuwa akinena habari ya jambo jipya alilolileta, lisilotoshea katika desturi za kale. Lakini mfano wake ni kweli kwa fundi pia. Kitambaa kipya ambacho hakijapata maji, kikishonwa juu ya nguo kuukuu, kitajikunyata siku ya kufuliwa, kiivute nguo dhaifu, na tundu litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo kitambaa kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya moto, kikaushwe, ndipo kikatwe kiraka.

Kiraka kilicho chema zaidi hutoka katika nguo ile ile: ndani ya mfuko, au katika pindo pana la chini. Kipo sawa kwa rangi na kwa umri. Kifanyike hivi: kata nyuzi zilizolegea, ulifanye tundu liwe la pembe nne. Kata kiraka kilichozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, kifike mahali penye nguo imara. Nyuzi za kiraka ziende njia moja na nyuzi za nguo. Zikienda mshazari, kiraka kitavutika. Kiweke kwa ndani, kipige bandi kwa mishono mirefu kisihame, kisha kunja kingo zake na kuzishona kwa mishono midogo. Mwisho geuza nguo, ukunje kingo za tundu nazo, uzishone juu ya kiraka. Kwa mahali penye kuvutwa sana, kila hatua sindano irudi nyuma nusu ya hatua kabla ya kwenda mbele. Mshono huo hata uzi mmoja ukikatika haufumuki wote.

5. Kuigeuza nguo

Kola. Kola ya shati hukatika pale ikunjikapo shingoni. Fumua mshono wake taratibu, igeuze upande wa chini uwe juu, uirudishe na kuishona. Shati limepata umri mwingine, wala hakuna ajuaye.

Shuka. Ikate katikati kwa urefu. Zile kingo mbili zilizo nzima ziunganishe ziwe katikati, na sehemu iliyochakaa iwe pembeni, uipinde.

Kaptula ya mtoto. Chukua suruali ya mtu mzima, ukate sehemu mbili zilizo chini ya magoti. Kila moja yatoa mguu mmoja wa kaptula. Pindo la zamani litumike tena kuwa pindo jipya, na kazi imepungua nusu.

Sweta. Tazama mishono ya pembeni. Kama kingo zimefumwa mpaka mwisho, sweta litafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Kama zimekatwa kwa mkasi, utapata vipande vifupi tu, basi usilifumue. Uzi uliofumuliwa uzungushe katika mgongo wa kiti, uufunge mahali pane, uufue, uutundike ukiwa na kizito kidogo chini yake, nao utanyoka.

Blanketi la vipande. Mbozi na Ileje ni nchi za juu, na baridi ya Juni na Julai huwapata watoto na wazee usiku. Waombeni mafundi wa sokoni mabaki ya vitenge wayafagiayo jioni. Waulizeni kwanza, na mkitakiwa malipo, lipeni. Kateni vipande vya sentimita 17 kila upande. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, kipande hubaki cha 15. Vipande 8 kwa upana na 10 kwa urefu, yaani 80 jumla, hutoa blanketi la sentimita 120 kwa 150, latosha mtoto. Kitambaa kizito kiende na kizito, chepesi na chepesi. Chini wekeni shuka kuukuu, katikati blanketi lililochakaa au masweta yasiyofaa tena, kisha fungeni tabaka zote tatu kwa fundo la uzi katika kila pembe ya vipande. Kwa ndugu wa Kamsamba na bonde la Momba, ambako ni joto, tabaka ya katikati si lazima.

Mkoba. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku katika Tanzania. Mguu mmoja wa suruali ya jinzi, ukishonwa chini mara mbili, ni mfuko wa kubeba mchele na maharage kwa miaka; na mshipi wa kiunoni wa suruali ile ni mpini wake.

6. Pindo la Hana na vazi jeupe

Katika 1 Samweli 2:19 twasoma ya kuwa Hana, mamaye Samweli, alimshonea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka, akampelekea hekaluni. Mtoto alikuwa mbali naye, tena alikuwa akikua. Hana ilimpasa kumpima kwa moyo. Basi fundi wa nguo za watoto na ajifunze kwake. Acha pindo la akiba la sentimita 6 chini na mikononi. Mwaka ujao lifumuliwe, na nguo irefuke pamoja na mtoto.

Hapa twafika kwenye neno zito. Desturi yetu ni kwamba siku ya kipaimara wasichana huvaa magauni meupe, na wavulana mashati meupe. Desturi ni njema. Lakini imekuwa mzigo. Hutokea mzazi akakopa fedha kwa ajili ya gauni litakalovaliwa siku moja. Hutokea pia mtoto aliyejifunza katekisimo yote, ajuaye Amri na Imani na Sala ya Bwana, akabaki nyumbani asubuhi ile, kwa kuwa hana nguo, naye anaona haya. Mwalimu huandika katika daftari lake kwamba hakuhudhuria. Lakini je, ni yeye aliyekosa?

Ndugu zangu, vazi jeupe lina maana gani? Mtume katika Wagalatia 3:27 afundisha ya kuwa waliobatizwa wamemvaa Kristo. Na nabii katika Isaya 61:10 ashangilia kwa kuwa Mungu mwenyewe amemvika mavazi ya wokovu. Vazi lile hatulinunui. Twapewa bure, tungali uchi. Vazi la kitambaa ni ukumbusho tu wa lile la kwanza. Ukumbusho wa kipawa cha bure ukimzuia mtoto kwa sababu hana fedha, umekuwa ushuhuda wa uongo mbele ya madhabahu.

Kwa hiyo twaleta shauri hili kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na vyama vya akina mama. Kila usharika uwe na sanduku la mavazi meupe. Magauni ya miaka iliyopita, ambayo hulala kabatini yakigeuka rangi, yaletwe. Shuka nyeupe zilizolika katikati ziletwe, maana kingo zake zatosha kwa blauzi. Mashati yageuzwe kola. Yote yawe na pindo la akiba. Pawe na daftari la kuandika nani amepewa na siku ya kurudisha, na nguo irudi imefuliwa.

Walakini sanduku lisiwe la maskini peke yao. Likiwa hivyo, mtoto ajaye kuchagua atajulikana, na haya itakuwa ile ile. Darasa zima na livikwe kutoka sandukuni, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua. Wenye uwezo waanze. Mzee wa kanisa na aanze na mtoto wake mwenyewe. Yakobo 2:1–4 yatuonya habari ya mtu mwenye mavazi mazuri akaliaye mahali pa heshima na maskini asimamaye kando. Wakivikwa wote kutoka mahali pamoja, onyo lile limetiiwa bila hotuba.

7. Maonyo manne

Kwanza, usitoe nguo ambayo wewe usingemvika mwanao. Kilichochakaa kabisa ni dekio, si sadaka.

Pili, katika mji wa mpakani jaribu la magendo li karibu. Robota lililopitishwa kwa njia za panya ili kuukwepa ushuru halifai kuwa chanzo cha kazi ya kanisa, hata likiwa na shuka nyeupe tupu.

Tatu, nguo zenye rangi za majeshi, hata zikitoka mtumbani, msizivae wala kuzishonea watoto, maana sheria yawakataza raia.

Nne, wanaume wasiseme ya kuwa kazi hii ni ya wanawake. Mafundi cherehani wengi wa masoko yetu ni wanaume, na Mtume Paulo, kama tusomavyo katika Matendo 18:3, alishona mahema kwa mikono yake. Mzee mwenye macho hafifu aweza kufumua mishono. Kijana aweza kukata vipande. Mwenye kitabu aweza kuwasomea wanaoshona.

Maswali kwa darasa na vyama

1. Wajane wa Yafa walionyesha nini, na kwa nini hawakuona haya?
2. Kwa nini kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kuwa kiraka?
3. Hana alimpimaje Samweli aliyekuwa mbali? Ni nani katika usharika wetu aliye mbali, ambaye yatupasa kumpima kwa moyo?
4. Je, mwaka jana yuko mtoto aliyemaliza mafundisho asionekane siku ya kipaimara? Nani atakwenda nyumbani kwake juma hili?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno. Lijibiwe kwa miguu kwanza, kisha kwa futi ya kupimia, kisha kwa sindano.

Bwana aliyewavika Adamu na mkewe walipokuwa na haya, awavike na ninyi, tena aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.